Shina la Mchaichai Ghorofa ya Nne

Bremen, Ujerumani



Jina la mji huu si geni kwenu, watu wa Kihesa, Iringa. Humu ndimo lilimohifadhiwa, katika jumba la makumbusho, fuvu lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 kama fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na kukabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Mtu wa Iringa akisikia Bremen, hilo ndilo analolikumbuka kwanza, na ni haki yake. Lakini barua ya safari hii ina habari ya kitu kidogo kinachoishi ndani ya ndoo iliyotobolewa matundu chini: mchaichai.

Mwenye ndoo ni dada mmoja aliyezaliwa na kukulia Kihesa, ambaye sasa anahudumia wazee hapa. Anaishi ghorofa ya nne. Roshani yake inatosha kiti kimoja na vyungu sita, basi.

Kwao Kihesa mchaichai ulikuwa nyuma ya nyumba, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Hakuna aliyeupalilia wala kuuwekea samadi. Iringa mjini ni mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai baridi yake haina mzaha. Jioni ikifika mtoto alitumwa akakate majani machache. Alirudi akinyonya kidole, maana kingo za jani hilo hukata kama wembe. Mama aliyapiga fundo, akayatumbukiza kwenye sufuria ya chai ya rangi, akafunika. Fundo lile lilikuwa na akili: jani likivunjika ndipo mafuta yake yanapotoka, na humo ndimo mnamokaa sitrali, ile ile inayolipa ganda la limau harufu yake. Na kifuniko nacho si urembo. Sufuria ikiachwa wazi, harufu inaondoka na mvuke, mnabaki na maji ya moto.

Mwaka wa kwanza Bremen alinunua vifurushi. Wajerumani wanapenda sana chai za majani yasiyo ya chai. Dukani rafu nzima ni mnanaa, kamomili, shamari, na mchaichai pia umo, umesagwa na kufungwa kwenye vifuko vya karatasi. Aliunywa wiki nzima. Rangi ilikuwapo, ladha ilikuwa mbali. Jani likisagwa hivyo na kukaa ghalani, mafuta yake huisha polepole, na hakuna sukari inayoweza kuyarudisha.

Akataka shina la nyumbani. Hapo akagonga ukuta: tangu tarehe 14 Desemba 2019, msafiri haruhusiwi kuingiza mche katika nchi za Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea kutoka nchi alikotoka. Sheria hiyo ina sababu nzuri, kwani mdudu mmoja kwenye udongo wa mzizi anaweza kumaliza shamba la mtu mwingine. Dada akaiheshimu. Akaenda duka la vyakula vya Asia, kwenye fungu la mchaichai wa kupikia supu, akachagua mashina matano ambayo vitako vyake havikukatwa sana. Kitako kikiwa kizima, shina lina uhai. Akayasimamisha kwenye bilauri yenye maji vidole viwili, dirishani, akabadilisha maji kila siku. Matatu yakaoza. Mawili, baada ya wiki mbili na ushei, yakatoa mizizi myeupe kama uzi.

Aprili jua likawaka. Akayapanda kwenye ndoo, akaitoa roshani, akaenda kazini zamu ya usiku akiwa na furaha. Asubuhi majani yalikuwa yamelegea, yamegeuka rangi ya karatasi iliyolowa. Sakitu. Watu wa Mufindi na Njombe wanaijua ilivyo, ile inayounguza majani ya viazi usiku mmoja. Mchaichai ni mmea wa nchi za joto, na sakitu haijawahi kuwa rafiki yake.

Jirani yake wa mlango wa pili, bibi mstaafu, ndiye aliyemweleza kosa lake. Hapa wakulima wa bustani wana siku zao za kuogopa, tarehe 11 hadi 15 Mei, zilizopewa majina ya watakatifu: Mamertus, Pankratius, Servatius, Bonifatius na wa mwisho Sophie. Mpaka Sophie apite, mmea wa joto hautoki nje. Ni elimu ya wazee, kama vile nyumbani mzee anavyotazama mawingu kabla ya kuruhusu mahindi yapandwe.

Bibi huyo anatoka Ostfriesland, upande wa pwani, na hapo inafaa kutua kidogo. Watu wa huko wanakadiriwa kunywa lita 300 hivi za chai kwa mtu mmoja kwa mwaka, na wachache duniani wanawafikia. Kipande kikubwa cha sukari ya mawe kinawekwa kwanza kikombeni, chai kali inamiminwa juu yake mpaka sukari ipasuke kwa sauti, kisha tone la krimu linateremshwa ukingoni na kijiko. Hawakorogi. Wanaanza na krimu, wanafika kwenye uchungu, wanamalizia utamu chini. Mgeni anategemewa anywe vikombe vitatu. Akitosheka anaweka kijiko ndani ya kikombe, mwenyeji anaelewa. Desturi hii imo katika orodha ya urithi wa Ujerumani tangu 2016. Dada wa Kihesa, aliyefunzwa tangu utoto kwamba kukataa kikombe ni kumkataa mwenye nyumba, hakuona ugeni wowote mezani kwa bibi.

Mchaichai ulipochipua tena, akampa bibi chipukizi moja.

Hapa ndipo barua hii ilipotaka kufika. Mchaichai tunaoutumia kwa chai ni nadra kutoa maua, na mbegu ndiyo kabisa. Unaenea kwa njia moja: mtu anachimba, anapasua shina, anampa mwenzake. Maana yake kila mchaichai wa Kihesa, wa kwa mchungaji, wa nyuma ya kibanda cha chipsi, ulitoka mkononi mwa mtu fulani. Mwandishi wa barua hii ameunywa tangu utoto na hakuwahi kuliwazia hilo mpaka alipoketi kwenye kile kiti kimoja cha roshani.

Bibi akarudisha fadhila. Ana bustani ya kukodi nje ya mji, zile ambazo sheria ya 1983 inataka zisizidi mita za mraba 400, yaani kiwanja chetu cha ishirini kwa ishirini, na kibanda kisizidi 24. Akampa kona. Mnanaa aliokuwa nao roshani ukapelekwa huko, ndani ya ndoo iliyofukiwa ardhini, kwa sababu ukiachwa huru mizizi yake inatambaa mpaka kwa jirani. Dada huukata kabla haujachanua, anauning'iniza kivulini ukauke. Jua kali linaiba harufu. Oktoba mchaichai unarudi ndani ya nyumba. Desemba mwanga wa mchana ni saa saba na nusu tu, hivyo unakaa dirishani, unapewa maji kidogo, unangoja.

Juzi alimpigia mama yake simu ya video ili amwonyeshe majani.

"Shikamoo mama. Uone mchaichai wangu."

"Marahaba, mwanangu. Huko unaota? Wangu ulikwisha tulipomwaga zege uani."

Dada alinyamaza. Uani kote sasa ni zege, na mama hununua paketi dukani kama wanavyofanya wa Bremen. Inasikitisha, tena nyua zinazofanywa hivyo zinaongezeka, na ndoo moja ya udongo isingemzuia mtu kupata ua safi. Kisha dada akakumbuka kwamba miaka ya nyuma alitumwa apeleke chipukizi kwa mama jirani aliyekuwa amehamia karibu.

"Nenda kwa mama jirani," alimwambia. "Wake ni wako."

Jumapili picha ikaja kwenye simu: mama ameshika jembe, mama jirani ameshika ndoo, na kati yao mashina manne yenye udongo mbichi.