Faida ya Kuweka Daftari la Msomaji

Ndugu wasomaji, mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani hapa Igalula, katika njia ya reli itokayo Tabora kwenda pwani. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu, na umri wangu umevuka miaka hamsini. Siandiki haya kwa kuwa mimi ni mwanachuoni, bali kwa kuwa nilikosea. Na kosa la mwalimu haliishii kwake peke yake.

Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba Mtume (s.a.w.) aliamuru elimu itafutwe hata ikiwa ni kuifuata Uchina. Maneno hayo niliyasoma ujanani, nikayapenda, nikayatia katika kila hotuba ya kuhimiza kusoma. Siku moja binti niliyemfundisha herufi za mwanzo, ambaye wakati huo alikuwa akisoma sekondari mjini Tabora, alikuja likizo akaketi nyuma katika darsa. Nilipomaliza alinijia kwa adabu akaniuliza, "Maalim, hadithi hiyo imo katika kitabu gani, nami nipate kuiandika?" Nikamjibu, "Imo vitabuni, mwanangu." Akaitikia "Ndiyo, Maalim," akaondoka. Yeye aliondoka, lakini swali lake lilibaki nami usiku kucha.

Juma lililofuata nilipanda gari hata Tabora, kwa sheikh mmoja mwenye vitabu vingi. Akanifungulia, akanionyesha kwamba Ibnul Jauzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria (1201), aliyaweka maneno yale katika kitabu chake cha hadithi za kubuniwa, na kwamba Imamu Baihaqi alisema maneno hayo ni mashuhuri lakini isnadi yake ni dhaifu. Kisha akanionyesha katika Ibnu Majah hadithi isemayo kuwa kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, akaniambia, "Hii ingekutosha." Nilitahayari. Nyote mwajua uzito wa kumnasibishia Mtume neno ambalo halikuthibiti kwake.

Nikiwa njiani kurudi nilijihesabu nafsi yangu. Vitabu nilivyosoma maishani ni vingi kuliko vilivyomo nyumbani kwangu, maana aghalabu vilikuwa vya kuazima. Nilisoma, nikarudisha, na kilichobaki kichwani ni vipande visivyo na jina la kitabu wala la mwenye kukitunga. Mrina asali wa misitu yetu hutia alama yake katika mzinga, na njia ya kuufikia mti huishika barabara. Asiyefanya hivyo huzunguka porini mchana kutwa, na pengine hurina mzinga wa mwenziwe akidhani ni wake. Nami ndivyo nilivyokuwa katika elimu. Jioni ile ile nikanunua daftari.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Sura ya kwanza kuteremshwa inataja kusoma na kalamu pamoja, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, ni ya kuamrisha deni liandikwe. Ikiwa deni la fedha laandikwa ili lisisahauliwe, deni la elimu je? Imesimuliwa kwamba Imamu Bukhari alikuwa akiamka usiku, akawasha taa na kuandika faida iliyomjia, kisha akalala, kisha akaamka tena, karibu mara 20 katika usiku mmoja. Naye Ibnul Jauzi niliyemtaja aliyakusanya mawazo yake katika kitabu alichokiita Saidul Khatir, maana yake kuwinda yanayopita moyoni. Kwani wazo ni kama paa, usipomfunga kamba hutamwona tena.

Hata katika nchi yetu hii ya njia ya misafara ya zamani yako mazingatio. Kwihara, karibu na mji wa Tabora, liko tembe alimokaa msafiri Livingstone mwaka 1872. Mwaka uliotangulia, alipokuwa Nyangwe katika nchi ya Kongo, karatasi zilimwishia. Hakuacha kuandika, bali aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu za miti. Na Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, ambaye babaye alikuwa na maskani huku Unyanyembe, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Biashara yake ya watumwa hatuisifu. Lakini maneno yake twayasoma hata leo kwa sababu yaliandikwa.

Sasa nitaeleza jinsi niwekavyo daftari langu, huenda likamfaa mmoja wenu.

Kwanza, kila nianzapo kitabu huandika tarehe ya Kiislamu na ya Kizungu, jina la kitabu, jina la mtungaji, na jina la mtu aliyeniazima. Nikinakili neno, huandika na ukurasa wake.

Pili, ukurasa wa kulia ni wa maneno ya kitabu, na wa kushoto ni wa maneno yangu. Sichanganyi kabisa. Kuchanganya rai yako na neno la mwanachuoni ni kuvunja amana, na ndio mlango ulioniingiza katika kosa langu.

Tatu, huandika nisichokifahamu. Neno gumu, au mas-ala yanayonitatiza, huyapigia mstari. Nami nikipata safari ya Tabora huenda na daftari kwa sheikh. Aulizaye hapungukiwi na heshima.

Nne, kila kitabu kikiisha hujiuliza: ni jambo gani moja nitakalolitenda? Hilo huliandika peke yake. Elimu isiyotendewa kazi itakuwa hoja juu ya mwenyewe.

Tano, kurasa za mwisho wa daftari ni za faharasa: Swala, Malezi, Biashara, Jirani, na kila moja hufuatwa na namba za kurasa. Bila ya hiyo, daftari likijaa huwa kama ghala lisilo na mlango.

Liko pingamizi moja ambalo lapasa kujibiwa. Mzee mmoja msikitini aliniambia, "Elimu ni ya kifuani, Maalim. Daftari huliwa na mchwa." Neno lake lina haki. Imamu Ghazali alipokuwa kijana, akirejea Tus kutoka Jurjan, msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi, wakamchukulia hata maandishi ya masomo yake. Akamfuata mkuu wao akimwomba amrudishie. Mnyang'anyi alicheka, akamwuliza ni elimu gani hiyo iwezayo kutekwa na wezi, kisha akampa. Ghazali alifika kwao akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote. Basi kisa hiki hakikatazi kuandika. Kama asingaliandika, angalihifadhi nini? Andika, kisha urudie ulichoandika. Mimi hurudia kila Ijumaa baada ya swala ya Alfajiri.

Enyi wazazi, jambo hili ni jepesi nyumbani. Baada ya Isha baba au mama asome ukurasa mmoja, na kila mtoto aseme neno moja aliloshika, aliandike. Mama aliyesoma chuoni tu, asiyejua herufi za Kizungu, na aandike Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu kama walivyofanya wazee wetu. Nanyi vijana msomao katika simu, andikeni vile vile, kwani huko maneno yasiyo na mwenyewe ni mengi zaidi. Ila jihadharini na ria: daftari si la kuonyeshea watu. Wala msiandike humo aibu zenu alizozisitiri Mwenyezi Mungu.

Ama mimi, darsa iliyofuata nilisimama mbele ya wanafunzi nikasema, "Nilikosea, na sahihi ni hii." Haikuwa rahisi, lakini hakuna aliyecheka. Wasiwasi wangu ni kwa wale waliokwisha kuondoka: wengine wamo Nzega, wengine Urambo, na baadhi yao ni waalimu nao. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari langu nimeandika majina yao yote niwezayo kuyakumbuka, na kila nimpataye humweleza, kisha humtia alama. Mpaka leo nimewafikia 11. Waliobaki ni wengi, nami namwomba Mola anipe umri wa kuwamaliza. Aliyefundishwa nami na akasoma ukurasa huu, basi na ajihesabu kuwa nimemfikia, naye awafikishie aliowafundisha.