Tulienda Bukavu kumtafutia mtoto chuo

Wamama wenzangu, mwezi wa kumi nilimsindikiza mtoto wa dada yangu kwenda Bukavu. Alikuwa amepata Diploma ya Serikali kwa asilimia nzuri, upande wa Kemia na Biolojia, na dada alikuwa amekwisha kutangaza sokoni kwamba mtoto atasoma udaktari. Feza za kuanzia zilikuwepo: sehemu yake katika sanduku la AVEC na bei ya mbuzi wawili. Mimi nilipewa kazi hiyo kwa sababu ni mwalimu, na watu wanafikiri mwalimu anajua vyuo vyote. Ukweli ni kwamba nilisoma ISP, graduat ya miaka 3, na baba alinichagulia kwa sababu mjomba alikuwa na nyumba karibu.

Tuliondoka Baraka alfajiri, ziwa kuume, milima kushoto. Mnaijua barabara yetu ikinyesha. Tulishuka mara mbili kusukuma gari. Mboko, Makobola, Kalundu, tukafika Uvira tukiwa na matope mpaka magotini. Tulilala kwa shangazi. Kesho yake tulipita bonde la Ruzizi: Sange, Luvungi, Kamanyola. Hapo mtu anachagua: apitie Rwanda kwenye lami, au apande Ngomo ndani ya nchi yetu. Dereva alipanda Ngomo. Mtoto alifumba macho, nami nilikuwa ninapiga hesabu: akiugua, mama yake atapita hapa mara ngapi? Na gunia la unga wa mihogo nalo linalipiwa nauli.

Wazee wetu walizaliwa wakati Kongo nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium ilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954. Leo Bukavu unachoka kusoma vibao. Kuna UCB ya Wakatoliki tangu 1989, UOB ya serikali tangu 1993, UEA ya Waprotestanti upande wa Panzi, kuna ISP, ISTM, ISDR, na vingine ambavyo kibao chake kimefungwa kwenye lango la nyumba ya mtu. Dada alikuwa ameniagiza niulize kipi ni cha kwanza. Niliuliza. Kila mtu alitaja kile alichosoma yeye.

Basi nikaacha swali hilo, nikauliza mengine. La kwanza lilikuwa la serikali. Jirani yetu mmoja alisoma miaka mitano kwenye chuo ambacho sitakitaja, na leo diploma yake iko ndani ya plastiki chini ya godoro, kwa maana haikuthibitishwa Kinshasa. Kwa hiyo niliomba namba ya ruhusa, na niliuliza juu ya kitengo chenyewe, si chuo tu. Chuo kinaweza kutambuliwa, na kitengo kilichofunguliwa juzi kisiwemo.

Halafu niliomba kuona labo. Mahali pamoja waliniambia ufunguo uko kwa mwalimu aliyesafiri. Tulirudi kesho yake, mwalimu alikuwa bado safarini. Mtoto wa Kemia asome miaka mitatu ubaoni?

Lakini walionifundisha zaidi ni wasichana waliokuwa wanangoja fotokopi barabarani. Waliniambia mwaka wa kwanza wengine walisimama nje ya madirisha kwa wingi wao, na mwaka wa pili kila mtu alikuwa na kiti. Nikadhani wenzao walianguka mtihani. Hapana. Wengi walikuwa na alama. Walikosa sehemu ya mwisho ya minervali, au garanti ya chumba, wakarudi nyumbani kimya. Niliwauliza pia lile tunaloogopa kuuliza: kuna mwalimu anayeita msichana kando kwa ajili ya alama? Waliangaliana. Mmoja akasema, "Mama, muulize kwanza kama kule mnakokwenda kuna mtu wa kumshitakia." Niliandika swali hilo kwenye daftari, na tangu siku hiyo ninaliuliza kila chuo.

Usiku tulikaa na kalamu. Udaktari ni miaka mingi kuliko masomo mengine, na sasa hesabu imebadilika. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 wanaoanza wako kwenye mpango wa LMD: licence ni miaka 3, siyo 5 kama ile ya zamani, kisha master miaka 2. Mama akisikia "licence" asidhani ni ileile. Tuliandika gharama za mwaka wa mwisho kwanza, ndipo tukarudi nyuma. Feza za dada zilifika katikati ya mwaka wa pili.

Mtoto alilia kidogo. Nikamkumbusha Daktari Mukwege, aliyepewa Nobel mwaka 2018. Udaktari aliusomea Bujumbura, ng'ambo ya ziwa letu, akafanya kazi Lemera milimani, ndipo akaenda Ufaransa kuongeza. Akanijibu, "Mama mdogo, mimi sitaki Nobel, nataka kujua damu ina nini." Nikamwuliza kwa nini hakusema hivyo tangu Baraka. Akasema hakuna aliyemwuliza. Hilo limenichoma, mimi mwalimu.

Tuliporudi Uvira tuliingia taasisi ya ufundi wa kitiba. Labo ilikuwa wazi, ndogo, na wanafunzi walikuwa ndani wamevaa blouse. Staji wanaifanya hospitalini palepale mjini. Kwa shangazi kuna kitanda.

Nilimpigia dada simu. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Sasa sokoni nitasema nini?" Siku nne hakunijibu tena. Siku ya tano alikuja kwangu na gunia la mihogo, kidumu cha mawese na ndagala ndani ya ndoo, akauliza gari la Uvira linapakia saa ngapi.