Owen alimlilia mama, na mimi nikamlilia mama

Wiki hii sina stori ya mapenzi. Nina ya mieleka, lakini usifunue ukurasa wa pili kwanza, maana na mimi nimo.

Tulipokuwa wadogo mjomba wetu alikuwa na banda la video Manzese. Kanda zake zilikuwa kuukuu, ila sisi tuliingia bure. Mimi na kaka tulikuwa tunasubiri mieleka ya Bret Hart na mdogo wake Owen, watoto wa Calgary, Kanada. Kaka alikuwa Bret. Mimi, nitake nisitake, nilikuwa Owen, kitindamimba wa watoto 12.

Kwa wasioijua, Januari 1994 ndugu hawa walicheza upande mmoja. Bret akaumia goti, akang'ang'ania ulingoni bila kumpa mdogo wake nafasi ya kuingia, refa akavunja pambano. Owen akapandwa na hasira, akampiga kaka yake teke kwenye mguu ule ule mbovu! Banda zima tulizomea. Machi 20, New York, Owen akamshinda Bret bila ubishi. Lakini usiku huo huo Bret akamtwanga Yokozuna, akavaa mkanda wa ubingwa, Owen kasimama kando anamkodolea macho. Agosti wakafungiwa kwenye kizimba cha chuma Chicago, Bret akatoka wa kwanza.

Lililonikaa mimi ni la Novemba. Bret kabanwa na Bob Backlund, kagoma kusalimu amri. Owen akaanza kumlilia mama yao, Helen, pembeni ya ulingo, eti mama, kaka anaumia, rusha taulo. Mama wa watu akarusha. Ubingwa ukaenda. Owen machozi yakakauka papo hapo, akatimua mbio anashangilia.

Sasa bwana, mwaka jana na mimi nikafanya yale yale. Kaka alikuwa amemwekesha mama laki nne na nusu, hela ya cherehani. Nikaenda kwa mama nikalia (machozi ya kweli kabisa, sijui yalitoka wapi), nikasema kaka mwenyewe karuhusu nichukue mtumba. Mama akatoa. Kufungua belo, makoti mazito ya baridi. Dar hii!

Kaka alipojua hakunigusa. Alichukua redio yangu akaiuza bei ya kutupa, akahama. Hiyo sawa, nilistahili. Kinachoniuma ni kwamba na mama naye akanuniwa, mama ambaye kosa lake ni kuniamini mimi.

Mieleka ile ilikuwa maigizo, jamani. Wale ndugu walikuwa wanapendana. Mei 23, 1999, Owen alikuwa anateremshwa kwa kamba kutoka darini mwa ukumbi Kansas City, akaanguka, akafa. Miaka 34 tu. Bret wakati huo alikuwa kampuni nyingine, hakuwepo. Kanda ya mjomba haikuwa na hilo, nimelijua ukubwani, na tangu nilijue usingizi wangu si ule.

Jumapili kaka anakuja kwa mama. Nimekusanya laki moja na themanini, nimezifunga kwenye leso. Nilitaka mama amkabidhi. Kakataa katakata, kasema nimpe mwenyewe mkononi, yeye hashiki tena hela ya mtu.