Shemeji na Kibali Chake

Dada yangu kaolewa na Mtaliano, wanaishi Kizimkazi Dimbani, karibu na ule msikiti wa mwaka 1107. Kaka naye kaoa Mjerumani. Basi wenzangu, kwetu sheria tunaijadili mkekani, wali ukipoa.

Wifi, kwa Sheria ya Uraia ya 1995, ana haki ya kuomba uraia kwa kuwa mumewe ni Mtanzania. Sharti auache wa kwao, maana uraia pacha hatuna. Shemeji je? Kuoa hakumpi haki hiyo. Anaishi kwa kibali cha ukaazi; kikikaribia kwisha, ada tena na safari ya mjini.

Safari iliyopita kilichelewa. Dada alikuwa na mimba ya miezi minane, usiku halali. Akaniuliza, "Kwani mimi si Mtanzania kama kaka?" Mimi ninayesomea ualimu nikabaki kusema ndiyo sheria. Naona aibu mpaka leo.

Sasa nipo mazoezini, nafundisha Uraia. Msichana mmoja kanyoosha mkono: "Ticha, na mume wa kigeni?" Nikampa jibu la sheria. Akaliandika.

Jioni dada kapiga simu: kibali kinaisha Oktoba, nimsindikize mjini.