Tangi Bila Mlezi

Wewe uliyeko mjini na uliyewanunulia wazazi tangi la maji kule mashambani, nina swali moja tu: mara ya mwisho ulilichungulia ndani lini?

Mimi swali hilo liliniaibisha. Ndugu wanne tulichanga, tukampelekea Mama tangi la plastiki la lita 5,000 nyumbani Kisegi, Kaunti ya Homa Bay, upande wa kuelekea Migori. Fundi akafunga gata, mvua ikanyesha, nasi tukarudi Nairobi tukijiona watoto wema. Miaka mitatu baadaye nilienda likizo, nikamkuta Mama akipanda kutoka ziwani na mtungi wa lita 20 kichwani.

"Mama, kwani tangi lina nini?"

"Tangi lipo, mwanangu," akajibu, akatazama kando.

Nilipanda ngazi nikafunua kifuniko. Loo! Matope chini, majani yaliyooza, mjusi aliyekufa, na viluwiluwi vya mbu vikicheza juu ya maji. Mama alijua muda mrefu. Alinyamaza ili tusidhani kwamba ameidharau zawadi yetu. Akarudia maji ya ziwa, penye kichocho, ziwa lile lile ambalo kunywa maji yake kulichangia kueneza kipindupindu Nyanza mwaka 1997.

Wenzetu wa Marekani na Kanada wenye magari yaliyo nyumba za kusafiria huyamwaga maji yote ya matangi yao kabla ya majira ya baridi. Wanajua kwamba maji yakiganda hutanuka na kupasua paipu. Sisi hatuna barafu, lakini tuna vumbi, majani na vinyesi vya ndege juu ya mabati. Kila tangi lina adui wake, na kila adui ana majira yake.

Majira yetu ni mwezi wa Februari, maji yakiwa yamepungua, kabla ya mvua ya masika ya Machi hadi Mei. Fagia paa na gata. Fungulia maji yaliyobaki yamwagike shambani. Sugua kuta za ndani kwa brashi ya mpini mrefu ukiwa nje, kisha suuza kwa maji yenye klorini na uyamwage. Funika mdomo wa tangi na paipu ya kumwagia maji kwa wavu mwembamba ili mbu wasipite. Mvua ya kwanza ikinyesha, acha ioshe paa kwanza na maji hayo yaende zake. Ndipo uyaelekeze tangini. Hata hivyo, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Na hesabu ifanywe mapema. Watu wanne wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, lita 5,000 zitawatosha siku 62 hivi. Paa la mita za mraba 40 likipata milimita 10 za mvua huleta takriban lita 320, baada ya kutoa zinazopotea. Kwa hiyo gata moja iliyotoboka si jambo dogo.

Nawe mwenye tangi la maji taka hapo mjini, usicheke. Usimwage humo mafuta ya kupikia wala kutupa nepi na plastiki. Liite lori la kunyonya uchafu kabla tope halijazidi theluthi ya tangi, usingoje lifurike. Tena mtu asiingie kamwe humo kuokota kitu wala kuzibua: hewa yake huua kwa dakika chache, na anayemfuata kumwokoa huangamia naye. Hata tangi la maji safi asiingie mtoto, wala mtu mzima akiwa peke yake.

Siku hizi kila Februari mmoja wetu husafiri kwenda Kisegi na brashi. Nauli yake tunaichanga kama tulivyochanga bei ya tangi. Mwaka jana Mama alinikaribisha kwa kikombe cha maji, akasimama akinitazama mpaka nikayamaliza.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mpigie mzazi wako simu leo. Usimuulize kama tangi lipo; muulize anakunywa maji gani.