Kioo Katika Njia ya Unyanyembe

Ukifika Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora, usiwe na haraka ya kurudi stesheni. Hii ni nchi ya Unyanyembe, na kioo kilifika huku kwa miguu. Kilikuja kikiwa shanga, mabegani mwa wapagazi, mwendo wa miezi mitatu hivi kutoka Bagamoyo. Stanley, aliyefika Juni 1871, alikuwa amenunua Unguja magunia 22 ya shanga za aina 11. Nyekundu ziliitwa samisami. Shanga zilikuwa fedha, na kila nchi njiani ilikuwa na rangi yake. Msafiri aliyekosea rangi aliweza kulala njaa na magunia yake yamejaa.

Nyingi zilitoka Venice, Italia. Katika kisiwa cha Murano, jirani na mji huo, mafundi wangali wakipuliza kioo, na taa zao za mezani za rangi huuzwa kwa bei ya kutisha. Ni ndugu wa shanga zile.

Kwihara, si mbali na hapo, iko tembe ya kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokaa huko mwaka 1872. Ingia mchana, macho yazoee giza, ndipo ufikirie taa ya nyumbani kwako.

Dukani usivutwe na rangi. Omba iwashwe, uweke gazeti chini yake. Kioo cheupe kama maziwa hutawanya mwanga, kiangavu huumiza macho. Na mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia, taa ikae kushotoni kwake.