WALINUNIANA MIAKA MITATU KISA LAKI MOJA NA THEMANINI, DETTOL IKAWAKALISHA MEZA MOJA

Wapo wanaokosana kwa sababu ya mapenzi, wapo wanaokosana kwa sababu ya Simba na Yanga. Hawa wawili walikosana kwa sababu ya Sh180,000, na kilichowarudisha meza moja ni askari wa plastiki wasiozidi urefu wa kidole. Majina kapuni, maana Njombe ni ndogo, na Makambako inakuwa ndogo zaidi watu wakianza kutajana.

Twende taratibu.

Walisoma wote sekondari pale Njombe mjini. Wakiwa kidato cha tatu, kwenye lundo la midoli ya mtumba, wakakuta mfuko wa askari wadogo 41. Si midoli ya kubonyeza ikalia. Hawa ni wa kupangia vita mezani, mchezo ambao huko Uingereza watu wazima na ndevu zao wanaucheza kwa kurusha dadu. Mwandishi H. G. Wells aliutungia kitabu cha sheria mwaka 1913, na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham imeufanya biashara kubwa kupitia Warhammer, iliyoanza 1983. Vijana wetu hawakujua hata moja kati ya hayo. Walichanga hela nusu kwa nusu, wakabeba mfuko.

Wakawapaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo la kupakia geti. Nusu wakawa Wahehe, nusu Wajerumani, na kila Jumamosi ikapigwa vita ya Lugalo, ile ya 17 Agosti 1891 ambapo watu wa Mkwawa walikisambaratisha kikosi cha Emil von Zelewski na yeye mwenyewe akafia palepale. Bunduki za Wahehe zilipakwa rangi ya udongo ili zionekane mikuki. Uzelewski walikuwa wanapokezana, maana hakuna anayetaka kufa kila wiki.

Shule ikaisha. Mmoja akabaki Njombe akimsaidia shangazi yake duka la dawa. Mwingine akashuka Makambako, pale njia za Mbeya, Iringa na Songea zinapokutana, akawa fundi rangi gereji. Mfuko wa askari akaenda nao yeye.

Sasa kasheshe. Huyu fundi alimkopa mwenzake laki moja na themanini, akisema anaenda kununua miche ya parachichi. Wiki mbili baadaye mwenzake akaona status. Simu mpya. Hakuuliza kitu, alimblock tu. Miaka mitatu, Njombe hadi Makambako kilomita kama 60, hakuna salamu.

Mwezi wa saba mwaka huu mteja mmoja pale gereji akawaona askari wamepangwa dirishani. Akasema angechukua hata 20, ila wasafishwe hiyo rangi ya geti, wapakwe upya vizuri. Bei aliyotaja ni elfu 80. Fundi akawaza hapohapo: hii hela ipunguze deni. Wazo zuri, lakini nusu ya wale askari si wake, na mwenyewe hakuulizwa.

Akachukua thina. Ndiyo kazi yake ya kila siku, bati la gari ukilifuta kwa thina halilalamiki. Akawatumbukiza saba wa kwanza, akaenda kunywa chai. Kurudi, dah. Rangi imetoka kweli, na sura nazo zimetoka. Plastiki imelainika kama ubani uliotafunwa, mikono imegandana na miguu. Thina na asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, zinakula rangi pamoja na plastiki yenyewe. Chuma ni habari nyingine.

Hapo ndipo alipoandika SMS ya kawaida, kwa sababu WhatsApp amefungiwa:

"Kamwene. Rangi ya mafuta kwenye plastiki inatolewa na nini?"

Baada ya saa mbili jibu likaja: "Usiguse thina."

"Nimeshagusa."

"Wangapi?"

"Saba."

Kimya. Fundi akajua imekwisha. Jumamosi asubuhi mtu akashuka kwenye Coaster ya Njombe, kabeba Dettol mbili kubwa, miswaki minne na glavu. Hakumpa mkono. Aliuliza tu, "Wako wapi?"

Huyu wa duka la dawa aliangalia video za wacheza Warhammer usiku kucha, na wengi wao wanatumia Dettol, ile ya kahawia ya kuoshea vidonda. Fundi akashauri mafuta ya breki, gereji yapo. Mwenzake akakataa: yanatoa rangi, lakini ni sumu, na mikono ni yao.

Kwanza wakamjaribu askari mmoja peke yake, saa nzima. Hajalainika, hajapinda. Ndipo 33 waliobaki wakaingia kwenye vyupa vya jamu vya kioo, Dettol tupu bila tone la maji, mifuniko ikafungwa.

"Mpaka lini?" fundi akauliza.

"Kesho saa kama hii."

Hapo wote wawili wakaelewa kitu kimoja: mtu amekuja asubuhi na kazi inaisha kesho. Kurudi Njombe halafu aje tena ni nauli. Akalala pale.

Baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Usiku fundi akaona dawa inachelewa, akavisogeza vile vyupa kwenye jiko la mkaa. Mwenzake aliruka kutoka kitandani. Dettol ina spiriti ndani, moto na yenyewe mbalimbali kabisa. Wakavirudisha mezani, usingizi ukawa umekata, wamebaki wanatazamana.

Fundi ndiye aliyeanza. "Miche sikununua."

"Najua. Niliona simu."

"Niliona aibu."

"Mimi sikukasirikia simu, bhana. Ungesema unataka simu ningekupa vilevile. Ulinidanganya miche."

Hakuna aliyelia, wala hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Walilala saa tisa usiku.

Jumapili wakavaa glavu. Rangi ilikuwa inachubuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, unasugua kwa mswaki uliochovywa Dettol, inamwagika yenyewe kwenye mikunjo ya nguo na kwenye kofia. Fundi akaharakisha, akamchovya mmoja kwenye ndoo ya maji. Rangi ikageuka ulimbo, ikanata kila mahali. Maji ni mwisho kabisa: sugua kwa Dettol, futa kwa kitambaa, asiponata tena ndiyo sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Yule wa ulimbo akarudishwa chupani aanze upya. Madirisha wazi muda wote, maana harufu ile ikikaa chumbani kichwa kinauma.

Jioni askari 34 walikuwa wamepangwa juu ya gazeti, wote kijivu. Mhehe ni yupi na Mjerumani ni yupi, hakuna aliyejua tena. Wa nani ni yupi, hiyo nayo ikawa ngumu. Wakagawa 17 kwa 17, kisha kila mmoja akatoa kumi za mteja. Fundi aliwapaka mwenyewe kwa wiki mbili, safari hii tabaka jembamba.

Mteja alilipa elfu 80 kamili. Fundi akaituma yote Njombe, moyoni anahesabu deni limebaki laki moja. Jibu likaja, safari hii kwa WhatsApp:

"Nimepokea. Elfu 40 ni ya askari wangu. Kwa hiyo umelipa elfu 40. Bado laki moja na arobaini."

Iliuma, lakini hesabu ni hesabu. Mwezi uliofuata akatuma elfu 20, na mwezi huu tena elfu 20. Deni limesimama laki moja, na Jumamosi moja moja mtu anapanda Coaster.

Wale saba walioyeyuka, mpaka leo jamaa wa Njombe hajawahi kuwatia kwenye hesabu.

Haya wadau, ungekuwa wewe ndiye wa Njombe, ungepanda lile gari na Dettol mkononi, au ungeiacha ile SMS bila jibu? Funguka hapo chini.